Ukavu wa Mvinyo wa Porto

Mvinyo wa Porto umejulikana duniani kwa utamu wake, hata mtu akiambiwa kwamba uko wa namna kavu hudhani anafanyiwa mzaha. Lakini ugomvi juu ya utamu huo ni wa zamani.

Mizabibu yake huota juu ya miteremko ya mawe katika bonde la mto Douro, kaskazini ya Ureno, ambalo liliwekewa mipaka kwa amri ya serikali mwaka 1756. Maji ya zabibu yakiachwa yachache, sukari yake hugeuka kileo kidogo kidogo. Mtengenezaji wa Porto huikatiza kazi hiyo kwa kutia pombe kali ya zabibu. Chachu hufa, na sukari isiyowahi kugeuka husalia. Akitia mapema, hupata mvinyo mtamu, akikawia, mkavu.

Mwaka 1844 Joseph James Forrester, mfanyabiashara Mwingereza aliyekaa Porto, alitoa kijitabu kisichokuwa na jina lake, akaishutumu desturi hiyo pamoja na udanganyifu mwingine wa biashara. Alishikilia kwamba mvinyo mwema wa Douro uachwe umalize kuchacha wenyewe. Wenzake wengi walimkasirikia. Juu ya udanganyifu alikuwa na haki. Juu ya pombe alizidisha, kwani ndiyo iuwezeshayo mvinyo huo kukaa miaka mingi ndani ya mapipa (neno ambalo Kiswahili kililitwaa kwa Wareno, kama neno mvinyo lenyewe). Alikufa maji katika mto huo huo mwaka 1861, na hoja yake haikufuatwa. Walaji wa Uingereza walikuwa wamekwisha uzoea utamu.

Mwaka 1934 nyumba ya Taylor's ilitoa Porto mweupe mkavu wa kunywewa kabla ya chakula. Forrester asingeridhika, maana pombe ingali imo, na kileo hukaribia sehemu 20 katika mia. Tena neno “kavu” lenyewe lataka kuangaliwa: kwa kanuni za Ureno, Porto uitwao mkavu waweza kuwa na sukari gramu 40 hata 65 katika lita, kiasi ambacho katika mvinyo wa kawaida kingehesabiwa utamu ulio wazi. Ni mkavu kwa kulinganishwa na ndugu zake.

Kwa hiyo hakimu ni ulimi. Mvinyo hupozwa hata digrii 8 au 10, ukamiminwa katika bilauri ndogo. Ulio mchanga una rangi ya majani makavu na harufu ya ganda la limau. Uliokaa sana katika pipa hupata rangi ya kaharabu, na harufu ya lozi na asali. Hapo mwonjaji huhadaika: pua humwahidi asali, lakini ulimi hukuta ukali, na nyuma yake uchungu mdogo kama wa ganda la lozi. Lozi za kukaanga zenye chumvi, au zeituni, huulainisha uchungu huo. Aliyetangulia kula kitu kitamu atauona mvinyo kuwa mkali kuliko ulivyo.