Kuta za Chokaa za Lamu

Nyumba kubwa za mawe zilizojengwa Lamu na Pate katika karne ya 18 hazimwambii mpita njia kitu. Ukuta wa nje ni mnene na mtupu, madirisha ni haba. Uzuri wote uliwekwa ndani, na kadiri mgeni alivyoruhusiwa kusogea ndivyo kuta zilivyozidi kupambwa.

Upana wa vyumba uliamuliwa na mti. Boriti za mikoko hazikuweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kuvuka nafasi ya zaidi ya mita 3 hivi, basi vyumba vikawa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, kisha chumba cha ndani kabisa. Mwanga uliingia kutoka upande wa ua peke yake, ukafifia kila ulipovuka kizingiti. Kile chumba cha mwisho kilikuwa na giza. Na ukuta wake ndio uliojazwa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu.

Rangi haikuhusika. Matumbawe yalichomwa juu ya rundo la magogo, yakamwagiwa maji, na chokaa iliyopatikana ikaachwa ikomae kwa miezi. Fundi aliipaka tabaka kwa tabaka, na lile la mwisho akalichonga lingali bichi: majani, misokoto, pembe zinazojirudia. Hakuwa na muda wa kusitasita, kwani chokaa ikishakauka haimsikii tena fundi. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa cheupe, nakshi zilionekana kwa vivuli vyake tu. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo ustadi wenyewe: mwanga hafifu wa ubavuni, ambao ungeizima rangi yoyote, uliuinua kila mkato wa kisu.

Ufundi wa kuchonga kuta haukuanzia hapo. Huko Kilwa, jumba la Husuni Kubwa lilipambwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochongwa tangu karne ya 14. Lakini Lamu na Pate ziliupeleka katika makazi ya matajiri, na zidaka zikapangwa sahani za Kichina. Pate ilipoanguka, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alizitaja zidaka hizo katika utenzi wake, Al-Inkishafi: palipokuwa na sahani, makinda ya ndege yamelala.

Nyumba zilizosalia zina adui mwingine, saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wenye chumvi na kuutoa kupitia chokaa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa njia, na chumvi huibambua michongo iliyo jirani. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Kuta zake zinastahili kutengenezwa kwa chokaa, ingawa saruji hukauka upesi na chokaa hutaka kungojewa.