Siri ya Damu Katika Pwani ya Kilifi

Msomaji, itajwapo historia ya Malindi na Kilifi, bila shaka fikira zako huenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama, au kwenye magofu ya Gedi yaliyozungukwa na msitu. Hiyo ni historia iliyoandikwa katika mawe. Iko nyingine, iliyo ya kale zaidi, iliyoandikwa katika damu ya watu, nayo imeanza kusomwa majuzi tu.

Tuanze na swali lililowasumbua wazee wetu. Watoto wawili wa nyumba moja hulala mkeka mmoja na kula sahani moja. Wote wawili washikwa na kichomi, yaani homa ya mapafu. Mmoja akohoa siku chache akapona. Wa pili pumzi zamwenda mbio, kifua chabonyea, na kabla ya alfajiri amekufa. Kwa nini? Jibu la upesi lilikuwa kwamba yuko aliyemroga, na kidole kikaelekezwa kwa mzee jirani. Hata katika miaka hii yetu, wako wazee waliouawa katika Kilifi kwa kushukiwa uchawi. Ndiyo sababu swali hili lastahili jibu la kweli.

Ufunguo wa kwanza ulipatikana mwaka 1949. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya, alizunguka nchi akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, penye malaria nyingi, watu wengi walikuwa na chembe nyekundu ziwezazo kupindika mfano wa mundu. Katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache. Mwaka 1954 alieleza maana yake: airithiye hali hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Lakini airithiye kwa wazazi wote wawili hupatwa na ugonjwa wa siko seli. Kumbe urithi mmoja wa damu una makali pande mbili.

Makali hayo yalikuja kuonekana katika kichomi pia. Mwaka 1989 KEMRI, Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford walianzisha kituo cha utafiti Kilifi, kando ya hospitali. Mwaka 2009 wataalamu wa hapo walionyesha kwamba watoto wenye siko seli wamo katika hatari ya kuingiwa na bakteria damuni zaidi ya mara 20 kuliko wenzao, na bakteria aliyeongoza ni pneumokoki, yule yule aletaye kichomi. Mwaka 2011 Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya kumzuia.

Walakini vichomi vingi huletwa na virusi. Kilifi ilishiriki katika utafiti mkubwa wa nchi 7 za Afrika na Asia, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba kirusi kiitwacho RSV ndicho kilichoongoza kwa kuwalaza watoto kwa kichomi kikali. Tabibu atatambuaje kama adui ni kirusi au bakteria? Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ini hutengeneza protini iitwayo CRP, nayo huongezeka damuni mwili unapopigana na maradhi. Katika utafiti huo, ilifika miligramu 40 kwa lita au zaidi kwa watoto 77 katika kila 100 waliothibitishwa kuwa na kichomi cha bakteria, lakini kwa 17 tu katika kila 100 wenye RSV. Hata hivyo si kila wingu huleta mvua. Alama ya damu humsaidia tabibu. Haimwondolei kazi ya kumtazama mgonjwa.

Korona ilipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020, swali la wazee likarudi: mbona huyu augua sana na yule hakohoi hata kidogo? Mwaka huohuo Hugo Zeberg na Svante Pääbo walionyesha kwamba sehemu moja ya urithi, iliyotoka kwa Waneanderthal, watu wa kale walioishi Ulaya na Asia, huongeza hatari ya kuugua sana. Karibu nusu ya watu wa Asia ya Kusini wanayo. Katika Afrika karibu haipo kabisa. Lakini usidhani kwamba Waafrika walikuwa na ngao. Wengi walizikwa hapa kwetu, maana uzee, kisukari na shinikizo la damu havikuuliza kabila la mtu.

Basi, msomaji, damu ya mtu si sifa yake wala si laana yake. Hakuna aliyeichagua, na hakuna jirani awezaye kuibadili kwa jicho lake. Siku utakapomwona mtoto pumzi zinamwenda mbio na kifua kinabonyea, usitafute wa kulaumiwa. Mchukue hospitali saa ile ile, na umwache yule mzee akae kwa amani barazani pake.