Vikundi na ushirika wa wakulima Dodoma

Vikundi vya wakulima mkoani Dodoma ni jumuiya za hiari ambazo wakulima wadogo wa alizeti, mtama na zabibu huziunda ili kuweka akiba, kupata pembejeo, yaani mbegu, mbolea na viuatilifu, na kuuza mazao kwa pamoja. Baadhi husajiliwa kuwa vyama vya ushirika vya msingi vya mazao (AMCOS), sehemu ya mfumo wa ushirika uliovunjwa na serikali mwaka 1976 na kurejeshwa kisheria mwaka 1982. Umuhimu wa vyama hivi hudhihirika hasa katika zabibu, zao linalovunwa mara mbili kwa mwaka na kuoza upesi, kwani mkulima aliye peke yake hulazimika kupokea bei yoyote, ilhali chama huweza kufunga mkataba na kiwanda cha mvinyo kabla ya mavuno, au kukamua zabibu na kuhifadhi mchuzi wake.