Viini Tendaji vya Galaksi na Mazingira Yake: Historia ya Mjadala, 1943–2011

Makala hii inafuatilia historia ya swali moja la elimu ya anga: je, kiini cha galaksi huwa tendaji kwa sababu ya hali ya ndani ya galaksi, au kwa sababu ya majirani wanaoizunguka? Kwa miongo mingi wataalamu walitoa majibu yaliyopingana. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya upinzani huo ilitokana na namna viini hivyo vilivyotambuliwa na kuhesabiwa.

Kiini tendaji ni eneo dogo katikati ya galaksi linalotoa nishati nyingi kuliko inavyoweza kuelezwa kwa nyota pekee. Mwaka 1943 Carl Seyfert alieleza galaksi kadhaa ambazo spektra za viini vyake zilikuwa na mistari angavu iliyo mipana, dalili ya gesi iendayo kwa kasi kubwa. Mwaka 1954 Walter Baade na Rudolph Minkowski walitambua chanzo cha mawimbi ya redio, Cygnus A, kuwa galaksi iliyomo katika kishada, yaani mkusanyiko mkubwa wa galaksi. Kwa kuwa umbo lake lilionekana kama la vitu viwili, waliichukulia kuwa galaksi mbili zinazogongana. Katika maelezo hayo ya awali, jirani ndiye aliyekuwa chanzo cha nguvu.

Maelezo hayo hayakudumu. Mwaka 1963 Maarten Schmidt alibaini kuwa 3C 273, iliyofanana na nyota, ilikuwa mbali mno, na kwa hiyo nguvu yake ilikuwa kubwa ajabu. Mwaka uliofuata Edwin Salpeter na Yakov Zel'dovich, kila mmoja kwa upande wake, walipendekeza kuwa nishati ya namna hiyo hutokana na gesi inayoangukia kitu chenye tungamo kubwa mno. Donald Lynden-Bell akaiendeleza hoja ya shimo jeusi mwaka 1969. Chanzo kikahamia ndani. Hata hivyo, shimo jeusi lisipolishwa gesi, kiini hubaki kimya. Mwaka 1972 Alar Toomre na Juri Toomre walionyesha kwa hesabu za kompyuta jinsi mvutano wa jirani unavyoivuruga galaksi, wakadokeza kuwa mvurugiko huo ungeweza kuipeleka gesi katikati. Jirani akarejea katika mjadala, safari hii si kama moto bali kama mleta kuni.

Ikafuata kazi ya kuhesabu. Mwaka 1985 Alan Dressler, Ian Thompson na Stephen Shectman waliripoti kuwa takriban asilimia 5 ya galaksi zilizo nje ya vishada zilikuwa na viini tendaji, ilhali ndani ya vishada ilikuwa asilimia 1 tu. Tofauti hiyo ilieleweka kwa urahisi: ndani ya vishada galaksi hupokonywa gesi yake, tena hupishana kwa kasi inayozizuia kuungana.

Lakini hesabu hiyo ilitegemea mistari ya spektra. Mwaka 2002 Paul Martini na wenzake, kwa kutumia eksirei zilizonaswa na chombo cha Chandra, walipata angalau viini sita katika kishada cha Abell 2104. Kimoja tu kati yake kilionyesha dalili za kawaida katika spektra. Miaka miwili baadaye, Guinevere Kauffmann na wenzake, kwa data za mradi wa Sloan, walionyesha kuwa viini vyenye mistari yenye nguvu hupatikana zaidi mahali penye galaksi chache. Mwaka huohuo Philip Best alionyesha kuwa viini vya redio visivyo na mistari hiyo hupendelea makundi ya galaksi.

Mwaka 2011 Mauricio Cisternas na wenzake walilinganisha galaksi 140 zenye viini tendaji na 1,264 zisizo navyo. Kiwango cha galaksi zilizovurugika sana hakikutofautiana kati ya pande hizo mbili. Kwa hiyo miungano mikubwa haikuweza kuwa njia kuu ya kuviamsha viini hivyo.

Historia hii inabainisha kuwa mazingira hayana athari moja kwa viini vyote. Palipo na gesi baridi kwa wingi huonekana viini vya mistari angavu. Palipo na msongamano hustawi zaidi vile vya redio. Kwa hiyo takwimu yoyote kuhusu mazingira haina budi kusomwa pamoja na chombo kilichoizaa.