Otto Modersohn, mchoraji aliyekitazama kinamasi

Kilima cha Weyerberg, kaskazini mashariki mwa jiji la Bremen nchini Ujerumani, hakifiki mita 60. Kinaonekana kirefu kwa sababu pande zote kimezungukwa na Teufelsmoor, kinamasi tambarare ambacho katika karne ya 18 msimamizi wa serikali, Jürgen Christian Findorff, alikichimbia mifereji na kuwapa maskini viwanja waishi humo. Walikata udongo mweusi wa kinamasi vipande vipande mfano wa matofali, wakaukausha, wakaupakia kwenye mashua zenye matanga meusi na kuupeleka Bremen, ambako watu waliuchoma majumbani badala ya kuni. Wenyeji walikuwa na msemo kwamba kizazi cha kwanza kiliambulia kifo, cha pili dhiki, na cha tatu ndicho kilichopata mkate.

Chini ya kilima hicho kuna kijiji cha Worpswede. Mwaka 1884 mwanafunzi wa uchoraji, Fritz Mackensen, alialikwa huko na binti wa mwenye duka la kijiji, akavutiwa sana na alichokiona. Aliporudi katika akademia ya sanaa ya Düsseldorf aliwasimulia wenzake, na miongoni mwao alikuwamo Otto Modersohn, kijana mpole aliyezaliwa Soest tarehe 22 Februari 1865. Katika kiangazi cha 1889 Modersohn, Mackensen na Hans am Ende walikwenda pamoja. Walikusudia kukaa msimu mmoja tu, lakini likizo ilipokwisha hawakuona sababu ya kurudi mjini. Baadaye walijiunga nao Fritz Overbeck na Heinrich Vogeler.

Walichokikimbia ni mafunzo ya ndani ya kuta nne, ambako mwanafunzi alinakili sanamu za plasta na kupaka mandhari ya kubuni kwa rangi za kahawia. Walitaka kuchora nje, mbele ya kitu chenyewe, kama Wafaransa wa kijiji cha Barbizon walivyofanya kabla yao. Na Worpswede ina mengi ya kumshughulisha mchoraji. Hewa yake ina unyevu mwingi. Paa jekundu, maji meusi ya mfereji na magome meupe ya miti ya kandokando vinakolea hata siku ya mawingu. Mbingu huchukua sehemu kubwa ya kila picha, maana hakuna mlima wa kuizuia.

Modersohn ndiye aliyeielewa ardhi hiyo kwa undani kuliko wenzake wote, na nalisema hilo nikijua kwamba Mackensen ndiye aliyepata sifa kubwa zaidi wakati ule. Mackensen alichora wakulima wakubwa wakubwa, wenye heshima ya waumini kanisani. Modersohn aliwafanya watu wadogo, wakati mwingine doa tu la rangi kando ya nyumba, na kuiachia jioni, ukungu na upepo kazi ya kusema. Usiku, taa ikiwaka, alichora kwa chaki picha ndogo ndogo kwenye vipande vya karatasi, akipanga kutoka kichwani yale aliyoyaona mchana. Mshairi Rainer Maria Rilke, aliyeishi nao kwa muda, alivutiwa mno na karatasi hizo.

Mwaka 1895 walionyesha kazi zao katika jumba la sanaa la Bremen, na wengi mjini hawakupendezwa. Lakini kiongozi wa chama cha wasanii wa München aliziona, akawaalika. Huko Mackensen alipewa medali ya dhahabu, na jumba la Neue Pinakothek likanunua picha ya Modersohn ya dhoruba kinamasini. Ghafla Worpswede ikajulikana Ujerumani nzima.

Umaarufu uliwagawa. Mwaka 1899 Modersohn alijitoa katika chama cha wasanii wa Worpswede, na Overbeck na Vogeler nao wakatoka. Aliendelea kuishi kijijini, lakini hakutaka tena kuwa mtu wa kundi.

Mwaka uliofuata, akiwa Paris kutazama maonyesho, alipata habari kwamba mkewe Helene, aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu, amefariki. Walikuwa na binti mdogo, Elsbeth. Mnamo Mei 1901 alimwoa Paula Becker, mchoraji aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 11. Leo dunia inamkumbuka Paula Modersohn-Becker kuliko mumewe, na ni haki yake. Lakini si haki kumgeuza Otto kuwa ukuta aliotakiwa Paula kuuruka. Rilke alipochapisha kitabu chake kuhusu wachoraji wa Worpswede mwaka 1903, hakumtaja Paula hata mara moja. Otto alikuwa ameandika katika shajara yake kwamba mkewe ana kipaji kikubwa, wakati ambapo karibu hakuna aliyenunua picha zake.

Hata hivyo ndoa ilimbana Paula. Mwanzoni mwa 1906 alihamia Paris akitaka kuachana naye. Otto aliumia, lakini aliendelea kumtumia fedha za matumizi, kisha akamfuata na kukaa huko naye majira ya baridi. Walirudi Worpswede pamoja. Tarehe 2 Novemba 1907 Paula alijifungua binti, Mathilde. Siku 18 baadaye alifariki ghafla, akiwa na miaka 31.

Otto hakuweza kukaa tena hapo. Mwaka 1908 alihamia Fischerhude, kijiji cha mto Wümme, na mwaka 1909 akamwoa Louise Breling, binti wa mchoraji wa huko. Walizaa wana wawili, Ulrich na Christian. Picha zake zikawa nyepesi, mkono ukawa huru zaidi, na mchango wa Paula katika macho yake unaonekana wazi kwa anayezilinganisha za kabla na za baada. Mwaka 1936 alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia, naye akaendelea kuchora kwa lile lililobaki hadi alipofariki Rotenburg tarehe 10 Machi 1943. Tangu 1974 Fischerhude kuna jumba la makumbusho lenye jina lake, ambako michoro ya chaki inaweza kutazamwa karibu na picha kubwa zilizotokana nayo.