Tonge la Ardhi

Kunduchi, upande wa baharini, kuna makaburi ya mawe ambayo watu wengi wa Kinondoni wamesikia habari zake na wachache wameyaona. Yamejengwa kwa matumbawe na chokaa, karibu na gofu la msikiti wenye umri mkubwa kuliko mengi ya makaburi hayo. Mengi ni ya karne ya 18. Kuta zake zimenakshiwa, na katika baadhi kuna mashimo ya duara yaliyotengenezwa kupachikwa sahani za kaure kutoka China. Sahani nyingi hazipo tena. Mashimo yamebaki, na ukisimama mbele yake unaona vizuri ukubwa wa kila sahani iliyoondoka.

Nadhani tunakosea tunapoyaita "magofu" tukapita. Mtu hasafirishi kaure kutoka China ili aipachike kaburini kwa ajili ya urembo tu. Alitaka atakayepita asome jambo: aliyelala hapa ni mwungwana, ana ukoo unaojulikana, na ardhi hii ina wenyewe. Yale makaburi ni hati.

Wenyewe hao, kwa masimulizi ya pwani, ni Washomvi. Kabla Dar es Salaam haijaitwa hivyo, vijiji vya Mrima kama Mzizima, Msasani, Kunduchi, na Mbwamaji kule upande ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa Temeke, vilikuwa na majumbe na madiwani wa koo hizo. Waliishi kwa samaki, chumvi, minazi na biashara ya bara. Na wakiulizwa asili yao, hawakusema wametokea hapa. Walisema wametoka Barawa, mji wa pwani ya Somalia.

Jambo hilo lilinisumbua muda mrefu. Kwa nini mtu anayetaka kuthibitisha kwamba ardhi ni yake aanze kwa kusema alitoka mbali? Leo tungefanya kinyume: tungeapa kwamba babu wa babu alizaliwa chini ya mbuyu huu huu.

Nilipata mwanga mahali nisipotarajia, niliposoma habari za Warajput wa India. Si mbali na sisi kama inavyodhaniwa. Mababu wa Wahindi wengi wa Kisutu, Upanga na Kariakoo walitoka Kutch na Kathiawar, nchi ambazo sasa ziko katika jimbo la Gujarat, na Kutch ilitawaliwa na ukoo wa Kirajput wa Jadeja. (Wapenzi wa kriketi jina hilo wanalijua.) Wafanyabiashara waliokuja Zanzibar na Bagamoyo kutoka bandari za Mandvi na Mundra waliacha nyuma yao nchi ambamo mwenye ardhi alitambulika kwa nasaba. Wajadeja husema wao ni uzao wa Krishna, wa nasaba ya mwezi. Koo nyingine za Kirajput hujinasibisha na jua, nyingine na moto. Kulikuwa na watu ambao kazi yao hasa ilikuwa kutunza vitabu vya nasaba: walizunguka kwa familia walizozihudumia, wakaandika waliozaliwa, wakasoma majina ya waliotangulia, wakalipwa.

Mtawala alimpa mwanawe wa kwanza kiti. Wadogo walipewa vijiji vya kuwalisha, na ardhi hiyo iliitwa giras, neno linalotokana na lile la kale lenye maana ya tonge. Tonge la ardhi! Aliyekuwa nalo aliitwa girasdar, na ushahidi wake wa kwanza ulikuwa jina lake kuwemo katika mti wa ukoo. Mwaka 1951 serikali mpya ya Saurashtra, eneo la Kathiawar, ilitunga sheria ya kuvunja umiliki huo na kuwapa haki wakulima waliokuwa wakilima ardhi ya wengine. Vitabu vya nasaba vikabaki vitabu.

Ukirudi Mrima ukiwa na habari hiyo, Barawa inaeleweka. Jua, mwezi na Barawa vinafanya kazi moja: vinamtenga mwenye ardhi na anayeilima. Kutoka mbali ndiko kulikokuwa kunampa mtu haki ya kutawala walio karibu. Na nasaba hiyo haikuwa imefungwa kabisa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa mwaka 1903, ameeleza jinsi mtu alivyoupata ujumbe kwa kutoa ada na kulisha watu karamu. Damu ilihitaji pilau. Wasomi wa India wanasimulia mambo yanayofanana: koo zilizopata nguvu na ardhi kwanza, kisha zikapata mtunza nasaba wa kuziunganisha na mwezi.

Washomvi hata hivyo hawakuwa peke yao. Masimulizi yanasema Wakamba waliwavamia, wakashindwa kujitetea, wakamwomba msaada Pazi, mwindaji kutoka bara. Pazi akawafukuza Wakamba, na malipo yake yakawa ada ya kila mwaka kutoka kwa watu wa pwani. Jina lake likawa cheo cha wakubwa wa Wazaramo. Kwa hiyo ardhi ambayo leo ni Kinondoni na Temeke ilikuwa na wageni wawili waliokubaliana: mmoja mwenye sahani, mwingine mwenye mishale. Hakuna aliyedai kuwa wa kwanza. Kila mmoja alidai kukumbukwa, na ada ya kila mwaka ndiyo iliyokuwa kumbukumbu.

Wako ambao hawakukumbukwa. Mashamba ya minazi ya pwani hii yalipandwa na kupaliliwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Wajerumani waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na Waingereza wakafuta utumwa kabisa mwaka 1922. Lakini ukitajiwa majina ya ukoo wowote wenye shamba, fulani bin fulani bin fulani, aliyechimba mashimo ya hiyo minazi hayumo. Ndiyo sababu siwezi kuililia nasaba kama vile iliyopotea ilikuwa haki tupu. Ilikuwa hati, na hati huwa na walioachwa nje.

Wakaja waliotaka karatasi. Sultani Majid alianza kujenga mji wake kando ya Mzizima katika miaka ya 1860, akafa mwaka 1870 kabla haujakamilika. Mwaka 1895 amri ya Kaisari wa Ujerumani ikatangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Dola, isipokuwa pale mtu, chifu au jumuiya itakapothibitisha haki yake. Sheria ya Ardhi ya Waingereza ya mwaka 1923 ikaiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana. Aliyekaa kwa mila alitambuliwa, lakini kama mtu mwenye ruhusa.

Uzito wa neno hilo, ruhusa, ulionekana mwaka 1953. Mtoro bin Mwamba, ambaye hana uhusiano na yule mwandishi wa Bagamoyo, alidai mahakamani kwamba ardhi aliyokuwa nayo ni mali yake kamili. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilimkatalia: mwenyeji kwa mila ana haki ya kutumia, hana umiliki. Miaka 10 baadaye Tanganyika huru iliondoa uchifu na kufuta umiliki binafsi wa kudumu wa ardhi ulioachwa na wakoloni, ardhi yote ikawa ya umma. Sababu zilikuwa nzuri, na mimi ningeziunga mkono. Lakini tazama: kwa mtu wa Kunduchi msingi haukubadilika. Bado alikuwa mtumiaji.

Ilibidi tungoje hadi mwaka 1994. Katika kesi ya Lohay Akonaay, iliyotoka mbali na pwani, kaskazini kwenye mkoa wa Arusha, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa na nzito kuijibu: kama si mali, basi wananchi wengi wa nchi hii wamekuwa wavamizi kwao wenyewe tangu mkoloni alipofika.

Kwa pwani yetu hukumu hiyo ilikuja mji ukiwa umeshafika. Kuanzia mwaka 2002 mradi wa viwanja 20,000 ulipima mashamba ya Mbweni, Bunju, Mtoni Kijichi na kwingineko. Chini ya sheria ya utwaaji ardhi ya mwaka 1967, ardhi tupu haikuwa na bei. Kilichofidiwa ni kilichokuwa juu yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliingiza thamani ya ardhi yenyewe katika hesabu. Mthamini hata hivyo bado huanza na vinavyoonekana. Huhesabu mnazi mmoja mmoja, na mwembe, na kisima.

Huhesabu na makaburi. Iko sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha makaburi, inayoruhusu mifupa kufukuliwa na kuzikwa kwingine ardhi ikihitajiwa kwa manufaa ya umma. Familia yenye wazee waliozikwa chini ya minazi yake inaweza kutakiwa iwahamishe. Wale wa Kunduchi wenye mashimo ya sahani wako chini ya sheria nyingine, ile ya mambo ya kale ya mwaka 1964, na hairuhusiwi hata kung'oa jiwe lao.