Bastola ya Magnum: Mambo ya kupima kabla ya kununua

BASTOLA kubwa ya aina ya Magnum huwavutia wengi kwa ukubwa wa mtutu wake na kwa sifa iliyovumishwa na filamu. Hata hivyo, kwa mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayetaka kuinunua kihalali, silaha yenyewe ndiyo jambo la mwisho kupimwa. La kwanza ni mnunuzi mwenyewe, na la pili ni nyumba anamoishi.

Wakazi wa Likoni wanafahamu vyema hatari ya silaha kuingia mikononi mwa watu wasiostahili. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha eneo hilo pamoja na kituo kidogo cha kivuko cha feri. Maafisa sita wa polisi waliuawa na zaidi ya bunduki 40 zikaporwa.

Ghasia zilizofuata zilisababisha vifo vya zaidi ya watu 100 na kuwafurusha maelfu ya wengine, wengi wao wenye asili ya bara. Mapigano hayo yalichunguzwa baadaye na tume ya Jaji Akilano Akiwumi, iliyoundwa mwaka wa 1998.

Sheria inasemaje

Umiliki wa silaha nchini Kenya unaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ni hatia kununua, kupokea au kuwa na bastola bila cheti. Kabla ya kutoa cheti, Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha lazima iridhike kwamba mwombaji ana sababu ya kutosha, ana akili timamu na hatahatarisha usalama wa umma.

Mwombaji huchunguzwa rekodi zake za uhalifu na Idara ya Upelelezi wa Jinai. Mnamo Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliamuru wamiliki wote wa silaha wachunguzwe upya, wakiwemo waliokuwa na vyeti kwa miaka mingi.

Cheti hutaja aina ya silaha na idadi ya risasi ambazo mmiliki anaruhusiwa kuwa nazo. Kwa hivyo, mtu hawezi kununua Magnum kwa cheti kilichotolewa kwa bastola ya aina nyingine. Masharti hayo yanahusu pia silaha iliyotumika inayouzwa na mmiliki mwingine.

Anayenunua bastola vichochoroni kwa bei nafuu hajui ilikotoka. Huenda iliporwa kwa afisa wa polisi au ilitumiwa katika mauaji. Akinaswa nayo, atatakiwa kueleza historia ambayo yeye mwenyewe haifahamu.

Magnum ni nini

Jina Magnum linahusu risasi zaidi kuliko bastola. Ni risasi yenye ganda refu na baruti yenye nguvu kuliko ile ya kawaida ya kipenyo hicho. Kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilileta .357 Magnum sokoni mwaka wa 1935, kisha .44 Magnum ikafuata mwaka wa 1955.

Risasi ya .44 Magnum yenye uzito wa gramu 15 hivi huondoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 400 kwa sekunde. Nguvu yake ni zaidi ya maradufu ya ile ya risasi ya kawaida ya milimita 9.

Bastola ya .44 Magnum inaweza pia kutumia risasi hafifu za .44 Special, na ile ya .357 hutumia .38 Special. Kinyume chake hakiwezekani, kwani ganda la Magnum lilirefushwa makusudi lisiingie katika bastola isiyoweza kuhimili nguvu zake.

Namna ya kuikagua

Mnunuzi afungue silinda kwanza na kuhakikisha kila tundu ni tupu. Kisha alinganishe nambari iliyochongwa kwenye chuma na ile iliyo katika stakabadhi. Nambari iliyokwanguliwa ni sababu tosha ya kuondoka dukani.

Pili, avute nyundo polepole. Kila tundu lapasa kuwa limekaa sawasawa na mtutu na kujifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Silinda ikichezacheza sana, risasi itagonga ukingo wa mtutu na kutapika vipande vya risasi pembeni.

Tatu, atazame mwanya ulio kati ya silinda na mtutu, ambao haufai kuzidi sehemu ndogo ya milimita. Achunguze pia nyufa mwanzoni mwa mtutu, na chuma kilicho juu ya mwanya huo, ambacho huliwa na moto wa baruti katika bastola iliyotumika sana.

Katika ukanda wa Pwani, adui mwingine ni hewa ya chumvi. Kutu hujificha ndani ya mtutu na chini ya mbao za mpini, mahali ambapo kitambaa cha mafuta hakifiki. Vishimo vya kutu ndani ya mtutu haviondoki kwa kusuguliwa.

Hatimaye, mnunuzi aijaribu katika uwanja wa kulengea shabaha. Bastola hii huweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja na hurudi nyuma kwa kishindo. Asiyeimudu hukosa shabaha, na risasi iliyokosa shabaha haipotei.

Nyumba na majirani

Hapo ndipo ukubwa unapogeuka kuwa kasoro. Katika mitaa ambako nyumba zimebanana na kuta ni za udongo au mabati, risasi ya .44 Magnum yaweza kupenya ukuta na kumfikia jirani aliyelala. Sheria inamtaka anayejitetea atumie nguvu inayolingana na hatari inayomkabili, na mwenye silaha ndiye atakayeulizwa risasi yake ilikoishia.

Aidha, sheria inamtaka mmiliki aihifadhi silaha mahali salama wakati wote. Kabati la nguo si mahali salama, wala chini ya mto. Asiye na sanduku la chuma lililofungwa imara ukutani au sakafuni hajawa tayari kununua, hata kama ana cheti na fedha.

Mnunuzi atakayetimiza yote hayo mara nyingi atagundua kwamba bastola ndogo inamfaa zaidi. Wengine watatambua kwamba mlango imara, taa ya nje na majirani wanaoitikia mayowe vinawatosha.